Jarida linataka data yetu iwe wazi, fomu ya ridhaa ilisema "siri". Tufanyeje?

Mchanganuzi_Bara (mwanzisha mada)

Habari za kazi wakuu.

Tuna makala ya kifua kikuu sugu kutoka wilaya tatu za Tanzania Bara, washiriki mia sita na ushei. Jarida limeipitisha kwa sharti moja: data ya mshiriki mmoja mmoja iwekwe kwenye hifadhi ya mtandaoni ambako yeyote anaweza kuipakua. Tumepewa wiki mbili. Kinachonikwaza ni fomu yetu ya ridhaa. Nainukuu: "Taarifa zako zitatunzwa kwa siri na zitaonwa na watafiti wa mradi huu tu."

Mtafiti mkuu anasema tufute majina, tupakie, yaishe. Majina tumeshafuta. Faili limebaki na namba ya CTC (kliniki ya matunzo na tiba) kwa wenye VVU, tarehe ya kuzaliwa, jinsi, kabila, kazi, kijiji, GPS ya kaya, tarehe na majibu ya GeneXpert (kipimo cha kifua kikuu), tarehe ya kuanza dawa, hali ya VVU, matokeo ya matibabu, na safu ya maoni ya mhudumu. Namba za simu tumezipitisha kwenye SHA-256 (hesabu inayogeuza namba kuwa msimbo), sasa ni herufi zisizosomeka.

Je, hapo tumemaliza? Na tukiomba tusiweke wazi, jarida likagoma, tunajibu nini? Jambo jingine: kuna makohozi na vimelea vilivyooteshwa kwenye friza, na mwenzetu wa Ulaya anataka kusoma vinasaba vyake. Naomba majibu ya wanaoifanya kazi hii.

---

Mjumbe_wa_Kamati

Hamjamaliza, na tatizo limeanza kabla ya faili. Ile sentensi uliyoinukuu ni ahadi. Aliyeweka dole gumba pale aliambiwa wataona watu fulani, basi. Kamati ya maadili ilipopitisha itifaki yenu iliipitisha pamoja na hiyo fomu, kwa hiyo kubadili nani anaona data ni kubadili itifaki. Kabla hujafungua Stata (programu ya takwimu), andika maombi ya marekebisho kwa kamati iliyowapa kibali. Ambatanisha fomu ya ridhaa ya Kiswahili iliyotumika uwandani (si ile ya Kiingereza, hizo mbili hutofautiana zaidi ya watu wanavyodhani), orodha ya safu zote za faili, maelezo ya mtakavyoondoa utambulisho safu kwa safu, nani ataruhusiwa kuomba data na nani ataamua, na barua ya mhariri.

Kamati inaweza kuwaambia mrudi kwa washiriki, inaweza kuruhusu bila kurudi ila kwa masharti, au inaweza kukataa. Kurudi kunasikika vizuri kwenye karatasi. Kwa kifua kikuu sugu, pima mara mbili: baadhi wamefariki, baadhi wamehama, na gari la mradi lenye nembo mlangoni kwa mtu linamtangaza kwa mtaa mzima. Hoja hiyo iandike wazi kwenye maombi, kamati huipa uzito. Njia ya katikati, yaani data iliyosafishwa na inayotolewa kwa maombi tu, ndiyo inayoiheshimu fomu kwa karibu zaidi bila kuwasumbua watu upya. Hata hiyo inavuka "mradi huu tu", kwa hiyo bado inahitaji kibali cha maandishi.

Kuhusu jarida: usiogope. Majarida mengi yenye sera kali ya data yana mlango wa dharura. PLOS (wachapishaji wa majarida ya sayansi), iliyokaza sera yake mwaka 2014, inakubali data ya wagonjwa izuiliwe kwa sababu za kimaadili au kisheria, mradi useme sababu, useme ni nani aliyeweka kizuizi, na utoe anwani ya kuombea data ambayo si ya mwandishi mwenyewe. Hicho cha mwisho ndicho watu hukosea. "Data inapatikana kwa kumwandikia mwandishi" haikubaliki, kwa sababu mwandishi huhama kazi, huacha barua pepe ya chuo, au hajibu tu. Toa anwani ya kamati au ya ofisi ya utafiti ya taasisi.

Na kwa Tanzania, mswada wenyewe unaombewa ruhusa ya kuchapisha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Kama haujapita huko, wiki mbili za mhariri hazina maana yoyote. Mwombeni muda, watatoa.

---

safisha_faili

Mimi nijibu la faili, maana hapo kuna mambo kama kumi na mtafiti mkuu wako ameona moja.

Anza na simu. Namba ya Tanzania ina tarakimu tisa baada ya 255, na tarakimu za mwanzo za kila mtandao zinajulikana. Hata ukihesabu zote zinazowezekana hazifiki bilioni moja. Laptopu ya kawaida inazipitisha zote kwenye SHA-256 kwa muda wa kunywa chai, kisha inalinganisha na safu yako na kukurudishia simu za washiriki wote. SHA-256 haina kosa; kosa ni kuitumia kwenye orodha fupi inayoweza kukisiwa yote. Vivyo hivyo kwa namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), ambayo huanza na tarehe ya kuzaliwa. Futa safu nzima. Mchambuzi wa nje hana shughuli na simu ya mgonjwa.

Namba ya CTC ni mbaya kuliko jina. Ndani yake kuna msimbo wa mkoa, wilaya na kituo, halafu namba ya mgonjwa, na rejesta ya kituo inayo ileile. Zaidi ya hapo, kuwepo kwa namba kunasema mtu ana VVU hata ukifuta safu ya VVU. Wape washiriki namba mpya za bahati nasibu, kisha panga mistari upya kwa namba hizo. Ukiacha mpangilio wa kuandikishwa, mwenye daftari la kituo anahesabu tu mistari kutoka juu.

Tarehe: una njia mbili. Ya kwanza ni kugeuza kila tarehe iwe idadi ya siku tangu mshiriki alipoandikishwa. Siku ya kuandikishwa ni 0, kipimo siku ya -6, dawa siku ya 4. Kwa uchambuzi wa matibabu hii inatosha. Ya pili ni kusogeza tarehe zote za mtu mmoja kwa idadi ileile ya siku, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Yanayoharibika hapa ni mawili. Watu husogeza kila tarehe peke yake, wanajikuta na mgonjwa aliyeanza dawa kabla ya kuandikishwa. Au wanaweka wazi faili la amri za Stata likiwa na `set seed` (namba ya kuanzishia bahati nasibu) ndani, na mwenye namba hiyo anarudisha tarehe zote zilivyokuwa. Faili hilo la amri lisitoke. Tarehe ya kuzaliwa igeuze iwe kundi la umri. Kanuni za HIPAA za Marekani, za faragha ya taarifa za afya, huwafunga pamoja wote wa miaka 90 na kuendelea. Kwa faili la watu mia sita funga mapema, 65 hivi, la sivyo mzee pekee wa kijiji anajulikana hata na watoto.

GPS ya kaya: iondoke. Kama kuna anayehitaji ramani, tafiti za DHS (za idadi ya watu na afya) zinatoa mfano wa kufuata. Wao hawatoi nyumba kabisa. Wanatoa kitovu cha eneo la sampuli, nacho wanakisogeza hadi kilomita 2 mjini, hadi 5 vijijini, na kwa asilimia 1 ya maeneo ya vijijini hadi 10. Wewe una wagonjwa, wala si maeneo ya sampuli, kwa hiyo ishia kwenye wilaya. Na tazama picha ndani ya makala! Ramani yenye nukta moja kwa kila mgonjwa, ikiwa na ubora mzuri, inalinganishwa na picha ya setilaiti na nyumba inapatikana.

Kabila uliliuliza kwa nini? Kama halimo kwenye uchambuzi, futa.

Sasa kipimo cha kuona kama umefanikiwa. Chukua safu ambazo jirani angeweza kuzijua bila kuangalia faili: wilaya, jinsi, kundi la umri, kazi. Kisha kwenye Stata:

`bysort wilaya jinsi kundi_umri kazi: gen n=_N`
`list if n<5`

Kila mstari unaotokea ni mtu anayefanana na wasiozidi watatu wengine. Panua makundi (kazi ishirini ziwe nne, umri wa miaka kumi kumi) au futa thamani moja moja hadi orodha iwe tupu. Kwa R (programu nyingine ya takwimu) kuna kifurushi cha sdcMicro kinachofanya hayo na kukuonyesha umepoteza taarifa kiasi gani. Usiishie hapo: ukiwa na kundi la wanawake watano wakulima wa miaka 40 hadi 49, na wote watano wana VVU, idadi haijawalinda. Anayejua kwamba jirani yake yumo kwenye utafiti ameshapata jibu. Angalia kila kundi lina majibu tofauti kwenye safu nyeti. Lisilo nayo liunganishe na jingine.

Wengine watasema hayo ni ya wenye takwimu kubwa. Mwaka 2000 Latanya Sweeney alionyesha kwamba msimbo wa posta, jinsi na tarehe kamili ya kuzaliwa vinatosha kumtofautisha mtu kwa takriban asilimia 87 ya Wamarekani. Hiyo ni nchi ambayo jirani hamjui jirani. Kijijini kwetu humhitaji Sweeney. Fundi cherehani mwenye kifua kikuu sugu ni mmoja na kila mtu alimwona akienda kituoni kila siku.

Safu ya maoni ya mhudumu isome mwenyewe, mstari kwa mstari, halafu uifute. Utakuta "mke wa mwenyekiti wa kijiji, alikataa dawa", "kaka yake yuko gerezani", "aje na Mama Fulani wa dukani". Hakuna programu itakayoona kwamba hayo ni majina.

Mwisho, mahali ambapo taarifa hujificha baada ya wewe kudhani umefuta:

Excel. Safu iliyofichwa haijafutwa. Jedwali egemeo, lile la pivot, hubeba nakala ya data ghafi ndani yake hata ukifuta karatasi ya data. Mpokeaji akibofya mara mbili kwenye jumla, mistari yote inajitokeza. Hifadhi kama CSV, funga, fungua tena uangalie.

R. Ukichuja mistari, viwango vya faktori (orodha ya majina ya makundi) hubaki. Faili la rds (la kuhifadhia data ya R) ambalo lina mstari mmoja wa kijiji kimoja linaweza kuwa limebeba orodha ya vijiji vyote. Tumia `droplevels`. Na ukihifadhi matokeo ya `lm` au `glm` kama rds, ndani yake kuna data iliyotumika.

KoboToolbox na ODK (programu za kukusanya data uwandani). Kila fomu inakuja na `_submission_time`, `_submitted_by`, `_uuid`, na mara nyingine namba ya kifaa na muda wa kuanza na kumaliza. Muda wa kuanza pamoja na ratiba ya timu ya uwandani ni anwani ya nyumba.

---

UwaziKwanza

Naomba nipinge kidogo. "Siri" imekuwa kichaka. Mtafiti anakaa na data miaka kumi akingoja wanafunzi wake waandike makala, ukiomba unaambiwa maadili hayaruhusu. Mgonjwa alitoa makohozi asubuhi na njaa ili ugonjwa ueleweke. Data ikioza kwenye laptopu ya mtu, huko nako ni kumkosea. Na makosa ya hesabu hayaonekani kama hakuna anayeweza kurudia uchambuzi.

---

Mjumbe_wa_Kamati

Hoja yako naikubali nusu, na ndiyo maana kizuizi lazima kiwe na utaratibu na tarehe. Anayesema "data kwa maombi" aandike nani anaamua (watu watatu au watano, mmoja nje ya mradi na mmoja kutoka kwa jamii), kwa siku ngapi, kwa vigezo gani, na akikataliwa mtu anakata rufaa wapi. Kilifi, Kenya, mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome una kamati yake ya kusimamia maombi ya data, na maelezo ya kila seti yamewekwa mtandaoni pamoja na kamusi ya safu hata pale data yenyewe inapoombewa. Hilo ndilo la kuiga: kamusi ya data, dodoso tupu na faili la amri za uchambuzi viwe wazi kwa wote, faili la wagonjwa liwe nyuma ya mlango.

(Faili la amri za uchambuzi, sio lile la kusogeza tarehe alilosema safisha_faili.)

Majedwali yenu ya makala nayo yachunguze. Ukiandika wilaya A ina wagonjwa 14 wenye VVU, halafu jedwali jingine linaonyesha 13 kati yao ni wanawake, umemtaja mwanamume mmoja. Kuficha kiseli kimoja kilicho chini ya 5 hakusaidii kama jumla ya mstari ipo, maana msomaji anatoa tu. Ficha na kiseli cha pili, au unganisha makundi.

---

wakili_wa_taarifa

Upande wa sheria, kwa ufupi kwa sababu walionitangulia wamegusa lililo kubwa.

Tanzania: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023. Taarifa za afya na za vinasaba zimo kwenye kundi la taarifa nyeti, na taarifa za watoto pia. Taasisi inayokusanya au kuchakata inatakiwa kusajiliwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuwa na afisa wake wa ulinzi wa taarifa. Kusafirisha taarifa nje ya nchi kuna masharti yake, na hifadhi iliyo kwenye seva ya nje ni kusafirisha, hata kama ulipakia ukiwa Dodoma. Kibali cha kamati ya maadili hakichukui nafasi ya sheria hii, na sheria hii haichukui nafasi ya kamati.

Kenya: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 53 kinaruhusu data itumike tena kwa utafiti au takwimu ikiwa matokeo hayachapishwi kwa namna inayomtambulisha mtu, lakini hiyo si ruhusa ya kuvunja ahadi ya fomu. Data ikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa watu, Kamishna anataarifiwa ndani ya saa 72.

Ulaya: mwenzenu wa huko yuko chini ya kanuni ya ulinzi wa data (GDPR) iliyoanza kutumika Mei 2018. Kwao, data yenye namba badala ya jina, ikiwa kuna faili la kuunganisha namba na jina, mara nyingi bado ni taarifa binafsi. Kwa hiyo mkimwambia "tumekutumia data isiyo na utambulisho" wakati ufunguo (faili hilo la kuunganisha) uko kwenye kabati lenu, mnaweza kumwingiza kwenye matatizo.

Ufunguo huo usikae kwenye folda moja na data. Laptopu mbili tofauti au karatasi kwenye sefu, diski zote zimefungwa kwa programu kama BitLocker au VeraCrypt, watu wawili tu wanajua nenosiri, na itifaki inataja tarehe ya kuuteketeza. Na tafadhali, kikundi cha WhatsApp cha uwandani kisipokee picha za fomu: picha inajihifadhi kwenye simu ya kila mwanakikundi, simu inajipakia yenyewe kwenye akaunti ya picha ya mwenye simu, na hapo hakuna anayejua nakala ni ngapi. Kubandika mistari ya wagonjwa kwenye programu za akili mnemba ili "zisaidie kusafisha" ni kosa lilelile kwa sura mpya.

---

Mchanganuzi_Bara

Asanteni sana, nimeelewa kwa nini tumesimama pabaya. Barua ya marekebisho tunaiandika kesho na muda tunauomba leo. Kwa utafiti unaofuata, fomu ya ridhaa iandikweje ili tusirudi hapa? Na lile la friza bado.

---

Mjumbe_wa_Kamati

Usiandike "siri" bila kusema siri kwa nani. Na usiende upande wa pili ukaandika "data yako itatumika kwa utafiti wowote". Tangazo la Taipei la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa 2016 kwa ajili ya hifadhi za data na sampuli, linataka mshiriki ajue madhumuni, namna ya kutunza, nani anasimamia, hatari zake, na jinsi ya kujitoa. Ridhaa pana inakubalika ikiwa na msimamizi. Ridhaa isiyo na mwisho haikubaliki.

Maneno yanayoeleweka kijijini yanaweza kuwa hivi:

"Baada ya utafiti huu, taarifa zako zitatunzwa bila jina lako, simu yako wala kijiji chako. Watafiti wengine, wa hapa nchini au wa nje, wanaweza kuomba kuzitumia kwa tafiti za kifua kikuu na magonjwa ya mapafu. Kamati ya (taasisi) ndiyo itakayoamua kuwapa au kuwanyima. Tutajitahidi usijulikane, lakini hatuwezi kuahidi kwa uhakika kamili. Ukitaka kujitoa, tuambie. Tutaondoa taarifa zako kwetu, ila zile zilizokwisha kutolewa kwa wengine hatutaweza kuzirudisha. Ukikataa sehemu hii, bado unaweza kushiriki utafiti na matibabu yako hayatabadilika."

Chini yake weka visanduku vitatu tofauti: kutumia taarifa kwa tafiti za baadaye, kutunza sampuli, kupeleka sampuli nje ya nchi. Kila kimoja na ndiyo na hapana. Majibu hayo yaingie kwenye data kama safu, maana fomu ya karatasi ikibaki kwenye boksi hakuna atakayejua nani alikataa siku ya kutoa faili. Hilo hutokea sana: watu wachache waliosema hapana wanapakiwa na wengine.

Asiyesoma anahitaji shahidi asiye mtumishi wa mradi, aliyekuwepo mwanzo hadi mwisho, si mlinzi aliyeitwa kuja kusaini. Kabla ya sahihi, mwambie mshiriki aeleze kwa maneno yake nini kitafanyika kwa taarifa zake akishaondoka. Akisema "mtanipa majibu ya kipimo" tu, rudia sehemu hiyo.

Kuhusu friza, nitasema la jamii tu, la maabara wapo wenyewe. Wahavasupai wa Arizona (kabila la wenyeji asilia wa Marekani) walianza kutoa damu mwaka 1990 wakijua ni kwa ajili ya kisukari kilichokuwa kikiwamaliza. Sampuli zilezile zikatumika kwa skizofrenia, kuoana kwa ndugu, na asili ya uhamiaji wa kabila lao. Kuondoa majina kusingewasaidia kitu, kwa sababu lililoumizwa ni kabila zima, kwenye jambo wasilotaka kuulizwa. Kesi ilimalizika 2010 kwa chuo kikuu kulipa dola 700,000 na kurudisha sampuli. Wasan wa Afrika Kusini nao walitoa mwongozo wao wa maadili mwaka 2017 na kuwaambia watafiti waupitie kabla ya kuja. Kwa hiyo matokeo yanayotaja kambi moja ya wachimbaji wadogo kama chimbuko la kifua kikuu sugu yapelekeni kwanza kwa wachimbaji hao na kwa mganga mkuu wa wilaya, siku ya kuchapisha wasiyasikie redioni.

---

benchi_la_maabara

Nichukue friza.

Kwanza makaratasi: sampuli zikitoka zinahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli, na data inayokwenda nazo inahitaji mkataba wake wa kuhamisha data. NIMR wana fomu za vyote viwili. Kwa Zanzibar mlango ni ZAHRI (taasisi ya utafiti wa afya ya huko). Kwenye mkataba andika kipimo kitakachofanywa, nini kitatokea kwa mabaki (kuteketezwa au kurudishwa, na tarehe), nani mwenye data ya mfuatano wa vinasaba, na nafasi ya mtu wenu kufanya uchambuzi. "Utafiti mwingine unaohusiana" ni maneno ya kukata kwa kalamu nyekundu. Mwulize pia mwenzako kwa nini visisomwe hapa. Kama jibu ni mashine, maabara za ukanda huu zinazo za kusoma mfuatano. Kama jibu ni bei ya vitendanishi, hilo ni jambo la kuweka kwenye bajeti.

Watu hudhani jenomu ya kimelea haina maadili ndani yake kwa kuwa si ya binadamu. Inayo mawili. Ukisoma moja kwa moja kutoka kwenye makohozi, sehemu kubwa ya vipande vinavyotoka ni vya mgonjwa mwenyewe. Ukipakia faili ghafi kwenye hifadhi ya kimataifa umepakia DNA ya binadamu ambaye hakuridhia hilo. Linganisha vipande vyote na jenomu ya rejea ya binadamu, ondoa vinavyooana, ndipo upakie. NCBI (kituo cha Marekani chenye hifadhi za vinasaba) wana programu ya kuvichuja, na ni vizuri ukaiendesha kwenu kuliko kutegemea hifadhi ikufanyie. Vimelea vilivyooteshwa vina vipande vichache vya binadamu, lakini chuja vilevile.

La pili ni nani kamwambukiza nani. Jenomu ya kimelea cha kifua kikuu ina herufi za DNA kama milioni 4.4, na inabadilika polepole. Sampuli mbili zinazotofautiana kwa herufi 5 au pungufu huchukuliwa kuwa huenda zimeambukizana karibuni, na zaidi ya 12 uhusiano huo huwekwa kando. Sasa weka hapo wilaya, mwezi wa sampuli na jinsi, na mtu wa kituoni anaweza kusoma kwamba Fulani alimpa Fulani. Hata pale uchambuzi wenyewe hauonyeshi mwelekeo, mtaani mwelekeo utatafutwa. Kwenye taarifa zinazoambatana na mfuatano, mahali paishie nchi au kanda, na muda uishie mwaka. Hali ya VVU isiambatanishwe kabisa kwenye hifadhi ya wazi. Michoro ya matawi (ya undugu wa vimelea) kwenye makala iwe na namba mpya, si namba za washiriki zilizo kwenye faili la wagonjwa, la sivyo seti mbili ulizozisafisha kila moja kwa taabu zinaunganishwa kwa dakika moja.

Na kabla ya kupakia, tazama majina ya faili za fastq (za mfuatano ghafi) zenyewe. Maabara huziita kwa namba ya rejesta, mara nyingine na herufi za kwanza za jina la mgonjwa, na jina hilo hufuata faili hadi kwenye ripoti za programu. Badilisha majina kabla ya kuanza uchambuzi, kisha pekua folda nzima, ripoti za html zikiwemo, kutafuta namba za zamani.